Mausi ya zamani usiitupe kwanza: jinsi ya kuisafisha, kuichomeka na kujua kama inaufaa mkono wako

Wadau habari zenu. Najua wengi tuna mausi za zamani zimelala kwenye droo au kwenye boksi la nyaya, ile yenye mpira tumboni, plastiki ishageuka njano, kichwa cha waya cha duara cha kijani, au zile za mwanzo mwanzo za taa nyekundu, na kila ukiijaribu ikasuasua kidogo unasema hii ishakufa, unaenda kununua mpya ya bei chee ambayo nayo haikai sana inaanza kukliki mara mbili yenyewe. Mi nasema kabla hujaitupa ipindue kwanza. Mausi ya mpira ilitengenezwa ifunguliwe na mtumiaji mwenyewe, bila bisibisi, bila fundi, ndo maana ina kile kimfuniko cha kuzungusha chini, na nyingi zinazoitwa mbovu ni uchafu tu umeganda ndani. Ila pia sio kila ya zamani ni nzuri, kuna ambazo hata zikipona hazifai kuwekwa mkononi, hizo nazo tutazisema.

Kwanza jua unayo ipi

Ukiipindua ukakuta mpira na mfuniko wa duara, jibu unalo. Ukikuta kidirisha na taa nyekundu inayowaka ukiichomeka, hiyo ni ya taa, na hizi ndo zilianza kuua za mpira mwaka 1999 Microsoft walipotoa IntelliMouse Explorer, ambayo ilikuwa inapiga picha 1500 za meza yako kila sekunde, inalinganisha picha hii na ile iliyopita, hapo inajua umeisogeza upande gani na kwa kiasi gani. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachokusanya uchafu kama kwenye mpira.

Sasa kuna aina ya tatu ambayo inawachanganya watu, haina mpira, ni ya zamani kweli kweli, na ukiiweka mezani haiendi popote. Hizo ni kama zile za kampuni ya Mouse Systems za kuanzia 1982, zilitumika sana na kompyuta za kampuni ya Sun, zilikuwa zinasoma mistari ya gridi kwenye pedi yake maalum ya chuma. Kama pedi yake imepotea hapo hakuna ufundi, hiyo ni ya kuweka kabatini.

Halafu angalia kichwa cha waya. Bapa cha USB, hiyo rahisi. Cha duara chenye pini 6, hicho ni PS/2, kilikuja na kompyuta za IBM za jina hilo mwaka 1987, baadaye wakakubaliana kijani iwe ya mausi na zambarau ya kibodi maana matundu yanafanana kila kitu na watu walikuwa wanachanganya kila siku. Kipana chenye matundu 9 na skrubu mbili pembeni, hicho ni siriali, cha zamani zaidi. Na ukikuta cha duara lakini kina pini 4, usikilazimishe kwenye tundu la PS/2, hicho ni cha Mac za zamani, utapinda pini bure.

Na kwenye tumbo la zile za siriali mara nyingi utakuta kiswichi kidogo kimeandikwa MS upande mmoja na PC upande wa pili. Hiki watu hawakijui kabisa. MS ni lugha ya Microsoft ya batani mbili, PC ni ile ya Mouse Systems ya batani tatu, na kama kiswichi kipo upande ambao draiva yako (programu ya kompyuta inayoisoma mausi) haiutegemei basi kishale kitaruka ruka kwenye skrini kama kimechanganyikiwa na we utadhani mausi mbovu. Sogeza kiswichi, washa upya, jaribu tena.

Kusafisha ya mpira

Hapa ndo penye kazi yenyewe kwa hiyo twende taratibu. Ndani ya ile mausi kuna mpira wa chuma uliovalishwa raba, mzito kidogo, na unagusa rola mbili nyembamba zilizokaa kwa pembe mraba, moja inahesabu kwenda kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma. Kuna ya tatu, mara nyingi nyeupe na ina springi, hiyo haihesabu chochote, kazi yake kuusukuma mpira ukabane zile mbili. Kila rola ya kuhesabu mwisho wake ina kisahani chenye matundu madogo madogo pembezoni, upande mmoja wa kisahani kuna kitaa cha infraredi ambacho macho yetu hayakioni, upande wa pili kuna kipokezi, kisahani kikizunguka mwanga unakatika katika, na ule mkatiko ndo unahesabiwa. Vipokezi vinapata mwanga kwa kupishana kidogo, kwa hiyo ikijua kipi kimetangulia inajua kama unaenda mbele au unarudi nyuma. Ni kitu simple mno, ndo maana kinafufuka.

Zima kompyuta au chomoa mausi. Pindua, utaona mshale kwenye ule mfuniko, bonyeza kwa vidole viwili vya gumba na uzungushe kuelekea mshale, kwa kawaida ni kinyume cha saa. Mfuniko ukiwa umekaza usitumie nguvu wala kisu, tumia raba ya kufutia penseli uibane pale ishike vizuri. Ukifunguka weka kiganja halafu pindua, mfuniko na mpira vinadondoka mkononi. Kama mpira haupo kabisa usishangae, kwenye maabara za kompyuta za shule mipira ilikuwa inaibiwa sana, vijana wanaichezea kama gololi, ndo maana utakuta shule nyingine mfuniko umegundishwa kwa gundi na hapo ndo kusafisha kukawa haiwezekani tena na mausi zote zikafa kifo cha uchafu. Mpira unaweza kuuazima kwenye mausi nyingine mbovu, ila lazima ulingane ukubwa, ukipungua kidogo tu haugusi rola.

Angalia ndani kwa tochi ya simu. Kwenye rola utaona mkanda mweusi au wa kijivu umejiviringisha katikati kabisa, pale mpira unapogusia. Ule ni jasho, vumbi, mafuta ya mikono, nyuzi za nguo, vyote vimekandamizwa vikawa vigumu. Wengi wanaupita wakidhani ndo rangi ya rola. Sio. Na ubaya wake sio kuchafua tu, ule mkanda unaifanya rola iwe nene pale katikati na mara nyingi sio sawasawa, kwa hiyo kishale kinaenda kwa kudunda, kinakwama, kinaruka, na ukivuta mstari ulionyooka unatoka na vidonda.

Kuutoa tumia ukucha, au kijiti cha meno, au kona ya kadi ya plastiki ya zamani. Wembe na kisu weka mbali, ukichana rola ndo umeipa uchafu mahali pa kushika siku zijazo. Kwaruza huku unaizungusha rola kidogo kidogo kwa kidole kingine maana ukikwaruza upande mmoja tu umefanya nusu kazi. Mausi iinamishe pembeni usiilaze chali kabisa, ili vipande vidondokee nje badala ya kuingia kwenye vile visahani, na kama kipande kimeingia kitoe kwa kibano cha nyusi au gonga gonga kwenye kiganja. Angalia pia ncha za rola pale zinapokaa, nywele zinapenda kujizungusha hapo, na unywele mmoja unatosha kuifanya rola iwe nzito. Hii ndo inaeleza ile kesi ya mtu anayesema mausi yangu inapanda na kushuka vizuri ila kushoto kulia haitaki, hapo rola moja tu ndo ina tatizo, wala usihangaike na nyingine.

Ukishatoa ule mkanda malizia kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti kidogo, pitisha kwenye rola zote tatu, hata ile nyeupe ya springi maana na yenyewe inabeba uchafu na kuurudisha kwenye mpira. Mpira wenyewe uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, suuza, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti kwenye mpira sishauri kila mara, inakausha raba inakuwa ngumu na inayoteleza, na mpira unaoteleza ni sawa na hakuna. Na jamani mafuta yoyote yasikaribie humo, wala zile dawa za kupuliza bawaba, mtu anaona rola inakwama anapulizia mafuta, siku hiyo inateleza vizuri kweli ila mpira nao unateleza juu ya rola na vumbi lote la meza linapata gundi.

Rudisha mpira, fuata mshale kinyume, mfuniko uingie kwa mlio. Kama baada ya hapo bado kishale kinatetemeka pale pale upande mmoja huku rola ni safi na inazunguka laini, basi shida ni kwenye kisahani au kipokezi, hapo unafungua mwili mzima, skrubu mara nyingi ziko moja au mbili chini, zingine zimejificha chini ya lebo au chini ya vile vimiguu vya kutelezea. Puliza vumbi kwenye visahani, angalia kama kipokezi kimelala upande, kinyooshe taratibu kiangalie kitaa chake.

Pedi ni lazima kwa mausi ya mpira, tena ya kitambaa. Juu ya meza ya fomaika au ya kioo mpira unaburuzwa badala ya kubingirika. Na pedi yenyewe ifuliwe, watu wanasafisha mausi halafu wanairudisha kwenye pedi yenye makombo ya maandazi ya mwaka juzi.

Kwa za taa nyekundu mambo ni mafupi. Kazi ni kutoa vumbi na vinywele kwenye kile kishimo cha taa, pamba na spiriti, basi. Kishale kikitembea chenyewe hujagusa kitu, tafuta unywele humo kabla ya kulaumu virusi. Ikigoma kwenye kioo au meza inayong'aa sana sio ugonjwa, ile inahitaji kuona vialama vya uso wa meza ili ilinganishe picha, kwenye kioo haina cha kuona, weka karatasi nyeupe ya kawaida chini utashangaa inavyokwenda.

Kitu kingine cha mausi za miaka ya 2000, zile zilizopakwa raba laini pembeni, baada ya miaka zinanata kama zimepakwa asali. Ile ni ile raba imeoza, haifulikiki, toa yote kwa kitambaa chenye spiriti na uvumilivu mpaka ufikie plastiki ngumu. Ikiwa njano, hiyo ni jua na umri, haiathiri kazi, mi huwa naiacha hivyo hivyo.

Kuichomeka kwenye mashine ya leo

PS/2 sheria yake moja, zima kompyuta kwanza. Ile poti haikuundwa kuchomekwa mashine ikiwa inawaka kama USB, ukichomeka ikiwa imewaka mara nyingi haitaitambua mpaka uwashe upya, na kuna hatari hata ya kuunguza poti kwenye mbao mama (ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta) za zamani. Desktopu nyingi za mitumba zinazoingia huku kwetu bado zina tundu hilo, na hata mbao mama kadhaa mpya zinalo, saa zingine limepakwa nusu kijani nusu zambarau kumaanisha linapokea chochote kati ya mausi na kibodi.

Kama una laptopu hapo ndo inabidi adapta, na hapa watu wanapigwa. Kuna vile viadapta vidogo vya kijani visivyo na waya, hivyo havina chipu ndani, vinaunganisha pini kwa pini tu na viliwekwa kwa ajili ya mausi ya USB iliyojengwa kuelewa lugha zote mbili iweze kuingia kwenye PS/2. Havigeuzi mausi ya PS/2 halisi kuwa USB hata ungeomba dua. Unachotaka ni kile chenye kiwaya kifupi, upande mmoja USB, upande wa pili matundu mawili, kijani na zambarau, hicho kina chipu ya kutafsiri. Ukienda Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi, mwambie muuzaji unataka cha matundu mawili, na nenda na mausi yako ujaribu pale pale dukani.

Siriali nayo kuna nyaya za kugeuza kwenda USB, ila mausi za siriali zinajilisha umeme kutoka kwenye nyaya za mawasiliano za ile poti, hakuna waya wa umeme kabisa, kwa hiyo kigeuzi dhaifu kinaweza kushindwa kuilisha. Kama una mashine ya zamani yenye poti yake halisi itumie huko huko. Pia ujue spidi yake ya kutuma data, bodi (baud) 1200, taarifa moja ni baiti tatu, inakupa kama taarifa 40 tu kwa sekunde, USB ya kawaida ni 125. Utaona kishale kinaenda kwa kurukaruka hatua hatua na hakuna kusafisha kutakakoondoa hilo.

Kuiseti, maana hapa ndo wengi wanaikatia tamaa

Mtu anachomeka mausi ya zamani, inafanya kazi, halafu anasema mbona nzito, kishale kinatambaa. Haikuzeeka, skrini ndo imekua. Nyingi za enzi zile zilikuwa na hesabu 400 kwa inchi, yaani ukiisogeza inchi moja inahesabu hatua 400, na hatua moja ni nukta moja ya skrini. Kwenye skrini ya upana wa nukta 640 ya miaka ya 90 ulikuwa unahitaji inchi 1.6, kama sentimita 4, kuvuka kutoka ukingo mpaka ukingo, yaani kiganja kimetulia vidole ndo vinafanya kazi. Kwenye skrini ya nukta 1920 mausi ile ile inataka inchi 4.8, sentimita 12, na kwenye ya 3840 ni sentimita 24 na ushee, hapo unahamisha mkono mzima na pedi inaisha unanyanyua mausi unairudisha katikati kila dakika.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, enta, mipangilio ya mausi inafunguka. Kuna kitelezi cha spidi, kina hatua 11, ile ya 6 ndo hatua moja ya mausi sawa na nukta moja ya skrini, ukipandisha zaidi ya hapo kishale kinaruka nukta, kwa kazi za ofisi hutaona ila ukichora utaona. Ndo maana kwa mausi ya zamani mi sipandishi kitelezi sana, nawasha ile tiki ya usahihi wa kishale iliyo chini yake, ambayo kazi yake kweli ni kuongeza kasi, ukisogeza polepole inabaki sahihi, ukisogeza kwa haraka inakimbia. Wacheza gemu wanaizima na wana haki, lakini kwa mausi ya hesabu 400 kwenye skrini kubwa ni mkombozi.

Ukurasa wa kwanza hapo hapo kuna spidi ya dabo kliki, kawaida ya Windows ni nusu sekunde. Ukimsetia mzee au mtoto ipunguze, mpe muda zaidi kati ya kliki ya kwanza na ya pili. Hii dabo kliki imewatesa watu tangu Apple walipoamua mausi ya kompyuta yao ya Lisa mwaka 1983 iwe na batani moja tu, waliona watu wapya wanachanganywa na batani nyingi, sawa, lakini kazi ya batani iliyoondolewa ilibidi ihamie mahali, ikahamia kwenye kubofya haraka haraka mara mbili ambako kwa mtu mwenye vidole vizito ni mtihani. Kwenye karatasi rahisi, mkononi ngumu.

Skroli haipo, ndio, gurudumu lilienea kuanzia 1996 na IntelliMouse ya kwanza. Kama yako ni ya batani tatu una bahati, kwenye brauza za Windows bofya ile ya katikati mahali patupu halafu sogeza mausi, ukurasa unajiburuza wenyewe, na ukiibofya juu ya linki inafungua tabu mpya. Kwenye Linux ile ya katikati inabandika maandishi uliyoyachagua bila hata kukopi. Ya batani mbili, mkono wa pili ukae kwenye spesi, spesi inashusha ukurasa, shifti na spesi inapandisha, unazoea haraka kuliko unavyodhani.

Kama inaufaa mkono wako

Jaribio langu ni hili, funga macho, weka mkono juu ya mausi, ishike, na bila kufungua macho sogeza kwenda juu. Kama mkono ulijua wenyewe mbele ni wapi, mausi hiyo ina umbo. Kama ulihitaji kupapasa waya au kuangalia, achana nayo. Iliyofeli jaribio hili kwa kishindo ni ile ya duara ya Apple iliyokuja na iMac mwaka 1998, nzuri kuitazama, mduara kamili, ila mkono ukiifikia hujui imeelekea wapi, unasukuma juu kishale kinaenda pembeni. Baadaye waliweka kishimo kidogo kwenye batani kidole kihisi, makampuni mengine yakauza maganda ya kuivalisha irefuke, na mwaka 2000 Apple wenyewe wakaiondoa. Ukiikuta kwa bei nzuri nunua ya kutunza, sio ya kufanyia kazi.

Zile za boksi za miaka ya 80 zinachekwa bure. Ziko chini na zina kona, kiganja hakilali juu yake, inabidi uzishike kwa ncha za vidole, na kwa watu wanaoshika hivyo, hasa wenye mikono midogo, zinaenda vizuri kuliko haya madubwana ya leo yenye mgongo mrefu. Mwenye mkono mkubwa anayelaza kiganja chote atachoka, kidole kidogo kinaburuzika mezani. Hakuna iliyo sahihi kwa wote hapo, shika kama robo saa ya kazi halisi ndo uamue, sio dakika moja dukani.

Watumia mkono wa kushoto, za zamani ndo rafiki zenu. Nyingi zina pande mbili sawa, mnageuza tu batani kwenye ile ile main.cpl. Ila mkikuta ile Microsoft Mouse 2.0 ya 1993 iliyopinda, ilipindwa kwa mkono wa kulia, mtaumia.

Angalia pia mpira au taa imekaa wapi chini, mbele au nyuma. Unapozungusha kifundo cha mkono, sehemu ya mbele ya mausi inatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo yenye jicho mbele inaitikia vidole haraka, yenye jicho nyuma inahisi mvivu hata kama hesabu zake ni zile zile. Mtu anasema mausi hii siipendi sijui kwa nini, mara nyingi ndo hiki. Na waya, jamani waya. Engelbart na Bill English, waasisi wa mausi, walipotengeneza ile ya kwanza ya mbao pale taasisi ya utafiti ya SRI California mwaka 1964 waya ulitokea nyuma, upande wa mkono wa mtumiaji, wakaona unaingiliana na mkono wakauhamishia mbele. Somo lile liko hai mpaka leo, waya wa zamani ulioganda ukawa mgumu unaivuta mausi irudi unapoiachia. Ubane kwa kibanio cha nguo kwenye ukingo wa meza ukiacha nafasi ya kutosha mbele, uzito wake usiufikie mkono.

Batani zikizingua na waya ukikatika

Dalili ya batani kufa ni mbili, unabofya mara moja folda inafunguka, au unaburuza faili linadondoka njiani. Chini ya batani kuna kiswichi kidogo chenye miguu mitatu, ndani yake kuna kipande cha shaba kinachoruka, kikichakaa au kikipata kutu mguso unakatika na kurudi, kompyuta inaona kliki mbili. Fundi anayejua lehemu anakibadilisha fasta, muulize vya kampuni ya Omron vya familia ya D2F ndo vinaingia kwenye nyingi, ila kwenye za zamani sana pima urefu kwanza maana vingine ni virefu zaidi. Bila kununua kitu, chukua kiswichi cha batani ya kulia ukihamishie kushoto na cha kushoto kiende kulia, ya kulia haibofywi sana kwa hiyo kiswichi chake bado kina nguvu. Kumbuka kilivyoelekea kabla hujakitoa, kikigeuzwa batani haitafanya kazi sawasawa.

Waya ukikatika huwa ni pale pale unapoingilia mwilini, maana ndipo unapopindwa kila siku. Tikisa hapo huku mausi imechomekwa, ikizima na kuwaka umeshapata. Kata sentimita kama tano kupita pale palipovunjika, menya, chomelea upya kwenye ubao wake. Rangi za nyaya usiziamini kwamba nyekundu lazima ni umeme, watengenezaji walijipangia wenyewe, kwa hiyo piga picha ya simu kabla hujakata na pima kwa mita waya upi unafika pini ipi. Kama ni ya siriali na pini tisa zile, chora kabisa kwenye karatasi, picha peke yake itakuchanganya ukishaanza kuchomelea.

Ukimaliza kufunga, usikaze sana skrubu za chini, plastiki ya miaka 30 inapasuka kama biskuti, zishike tu.